Kufuli Jipya, Tumbuu ya Zamani

KONA YA FUNDI: maswali ya wasomaji, majibu kutoka karakanani Lamu

Mwezi huu nilikusudia kujibu maswali ya milango inayovimba masika. Itabidi yangoje. Tangu Maulidi yaishe, karibu kila barua na kila ujumbe wa simu ulionifikia ni wa jambo moja: duka limevunjwa, au mwenye duka hapati usingizi akihofia litavunjwa. Si ajabu. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mji hujaa wageni, nyumba zinalaza watu mpaka barazani, na katika umati ule mtu asiyejulikana hasimamishwi na yeyote kuulizwa anakwenda kwa nani.

Mimi si askari wala si wakili. Ni fundi wa milango na vitasa, karakana yangu iko Langoni, na kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa mtu wa pili kuitwa duka likivunjwa. Wa kwanza ni jirani. Asubuhi hizo nazijua: mwenye duka kashika kichwa, watoto wanaokwenda chuoni wamesimama mlangoni na juzuu zao wakihesabu kilichobaki rafuni, na kila mpita njia ana mwizi wake anayemshuku. Mie huinama nikautazama mlango. Mlango hausengenyi mtu.

*

Fundi, assalaam aleikum. Nina duka la vyakula pamoja na uwakala wa M-Pesa hapa Langoni. Wiki mbili nyuma wameingia usiku. Wamechukua simu mbili, kadi za kuongeza salio, gunia la mchele na shilingi 14,000 zilizokuwa kwenye droo. Kinachonishangaza, kufuli nimelikuta limefungwa vilevile, zima. Nililinunua Mombasa kwa shilingi 2,800. Je, ninunue kubwa zaidi, au niweke mawili? — Mwenye duka, Langoni

Waaleikum salaam, jirani. Pole sana. Nilipita mlangoni kwako siku ya pili yake, kwa hivyo sijibu kwa kubahatisha. Kufuli lako ni zuri. Hata mwizi amelikubali, ndiyo maana hakuligusa.

Alichogusa ni tumbuu, ile pete ya chuma inayopokea kufuli. Ilishikwa na skurubu nne ambazo hazifiki inchi moja, na mbili kati yake zilikuwa kutu tupu. Nilizisugua kwa kidole zikatoa unga mwekundu kama bizari. Hapa tunaishi ndani ya chumvi. Upepo wa kusi unaingia hata kabatini, na chuma chembamba cha bei rahisi hakimalizi misimu miwili. Mtu akaja na mtaimbo, akauingiza nyuma ya kile kibati kinachokunjwa juu ya tumbuu, akasukuma mara moja. Kila kitu kikatoka pamoja: tumbuu, skurubu, na kufuli lako la Mombasa likining'inia humo humo, limefungwa. Umetoa 2,800 kwa kufuli na 150 kwa tumbuu, na mwizi amepita penye 150.

Basi usinunue kufuli jingine. Nunua bolti nne ndefu zinazopenya ubao wote mpaka ndani, zile zenye kichwa cha mviringo ambacho spana haikishiki wala bisibisi haina pa kuingia. Kwa ndani weka sahani ya chuma upana wa kiganja, ndipo nati zikae juu yake. Ukishakaza, gonga ncha za bolti kwa nyundo zipondeke kidogo, nati zisifunguke tena. Mtu akitaka kuing'oa tumbuu ya namna hiyo itambidi aung'oe mlango, na kung'oa mlango kuna kelele.

Ukiwa hapo tazama upande wa pili, maana watu hufunga mlango upande wa kufuli wakasahau kwamba una pande mbili. Mlango wako unafunguka nje, bawaba zako zinaonekana njiani. Pini ya bawaba hugongwa kutoka chini ikaruka juu, na mlango ukatolewa kama kifuniko cha sufuria. Nimeshaliona hilo mara tatu. Dawa yake ni ndogo: kwenye ubavu wa mlango, upande wa bawaba, pigilia vipande viwili vya nondo vitokeze kama inchi moja, na kwenye fremu utoboe matundu ya kuvipokea. Mlango ukifungwa nondo zinaingia matunduni, na hata bawaba zikitolewa zote hauendi popote.

Halafu fremu yenyewe. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene na watu huona zimetosha. Lakini plasta ya chokaa ikizeeka ni kama mkate mkavu. Fremu iliyopigiwa misumari kwenye plasta hutoka kwa teke moja. Ishikwe na vyuma virefu vinavyoingia kwenye jiwe, si kwenye plasta.

Wazee wetu hawakuwa na mateso haya, na nitakwambia kwa nini. Mfanyabiashara alilala juu ya duka lake. Jioni alifunga milango miwili kwenye mfaa, ule ubao wa katikati, akatia kwa ndani pingo, yaani mti wa kukinga mlango, akapanda ngazi kwenda kula. Mwizi aliyesimama nje hakuwa na cha kushika: hakuna kufuli, hakuna tumbuu, ni ubao wa mbambakofi tu na njumu zake. Kufuli la nje ni la mtu anayelala kwingine. Wewe unalala mtaa wa Kashmiri, najua, lakini duka lako lina mlango wa uani. Funga wa mbele kwa pingo la ndani, utokee nyuma, na pesa zako za kufuli zote uziweke kwenye mlango huo mmoja.

Kufuli likishafungwa vizuri, litunze. Mwili wa shaba hauoti kutu kama wa chuma, lakini upinde wake uwe wa chuma kigumu. Kuujaribu, pitisha tupa juu yake: ikiteleza bila kuacha alama, ni mgumu, ikila, na msumeno utakula. Tia mafuta mepesi ya cherehani mara moja kwa mwezi. Mafuta ya kupikia usitie. Yanaganda ndani, yanashika mchanga, kisha unaniita saa tatu ya usiku ufunguo umevunjikia tunduni.

Sasa juu. Na hapa nitajisema mwenyewe, kwa kuwa nusu ya Langoni inakijua kisa hiki na nusu iliyobaki itahadithiwa. Miaka 11 iliyopita karakana yangu iliibiwa. Mlango nimeutengeneza kwa mikono yangu, ukitaka njoo uutazame, hakuna mwizi aliyewahi hata kuuegemea. Nyuma yangu kuna gofu, na ngazi yangu ndefu, kwa kukosa nafasi, nilikuwa nikiiegemeza humo. Akaja bwana mmoja, akaikuta ngazi, akapanda, akafunua mabati mawili, akashuka ndani kama mwenye nyumba. Mtaimbo wangu ulikuwa ukutani pale ninapoutundika. Ndio aliovunjia kasha langu. Kisha akaondoka na drili yangu, kupitia ngazi yangu. Walinicheka mpaka Matondoni.

Tangu siku ile, nikiingia duka lolote huinua macho kwanza. Nyumba zetu zimebanana, dari moja inagusa nyingine, kuna mitaa ambayo mtu akipanda juu anaweza kutembea nyumba nne bila kukanyaga njia. Wikio nazo, zile zinazovuka juu ya kichochoro, ni daraja kwa kila mwenye miguu. Bati lililopigiliwa misumari kwenye mbao kavu hufunuliwa kwa mkono. Chini ya bati, juu ya dari, tandika wavu wa chuma ule wa kujengea, uufunge kwenye boriti. Atafunua bati, atakutana na wavu, na wavu hauna ncha ya kuanzia. Makuti, sina la kukwambia. Chini ya makuti usiweke kitu cha thamani.

Mwisho, hizo 14,000. Kitu hiki najua kitakuuma: zile hazikustahili kulala dukani. Wakala wa M-Pesa kila mtu anajua ana pesa taslimu, bango lenyewe la kijani linamtangazia. Jioni peleka taslimu benki au kwa wakala mkubwa ziwe salio, simu ya kazi uende nayo nyumbani, na namba ya siri isiwe imeandikwa kwenye karatasi chini ya kaunta (niliiona, jirani, tafadhali ibadilishe leo). Droo iache wazi kabisa, imetoka nje, tupu, mtu akichungulia tunduni aione. Na usiende kila siku saa ile ile na mfuko ule ule mweusi. Mwizi wa duka akikosa dukani hukungojea njiani, na huyo ni mbaya zaidi.

*

Fundi, shikamoo. Nina duka la kanga, madera na mabuibui Gardeni. Nyuma kuna choo. Kijana wa jirani ananisaidia tangu mwaka jana. Mara ya tatu sasa napoteza mali na mlango haujavunjwa: mara madera sita, mara kanga doti kumi, juzi boksi zima la manukato. Dadangu anataka nimfukuze kijana leo. Shangazi anataka isomwe Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi. Nimebaki katikati. — Mama wa Madera, Gardeni

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na funguo. Duka lako lina funguo ngapi, na ziko wapi saa hii unaposoma? Sikuulizi ngapi ulizonunua. Nakuuliza za leo: wa kwako, wa kijana, ule uliompa dada yako ulipokwenda Mombasa kuchukua mzigo, ule wa mpangaji wa zamani ambao hukuwahi kumdai. Katika kazi yangu, mlango ukifunguliwa bila kuvunjwa, mara nyingi ni ufunguo wa mtu ambaye jina lake halijatajwa hata mara moja nyumbani. Kunakili ufunguo ni kazi ya dakika tano. Mie mtu akiniletea humwuliza ni wa mlango gani, na baadhi hukasirika wakaondoka. Wakikasirika najua nimeuliza vizuri.

Kwa hivyo usimfukuze mtu leo. Badilisha kufuli leo. Funguo mpya ziwe mbili, zote kwako, kijana afungue ukiwepo. Ukiona mali imeacha kupungua, umejifunza jambo bila kumvunjia mtoto wa watu heshima mbele ya mama yake ambaye utakutana naye harusini. Ikiendelea kupungua, basi si ufunguo.

Ikiwa si ufunguo, ni dirisha. Umeandika kwamba nyuma kuna choo. Choo kina dirisha, na dirisha lina komeo ambalo hufunguliwa kwa ndani mchana na mtu yeyote anayeomba kwenda haja, mteja au msaidizi, kisha usiku likasukumwa kutoka nje. Duka la nguo lina shida yake pia: mali ni nyepesi, inapita penye kiganja. Mtu wa mwisho kufunga awe wewe, na kabla ya kufunga ushike kila komeo kwa mkono. Kwa mkono, si kwa macho.

Na hesabu. "Napoteza madera sita" umejuaje ni sita, na siku gani? Daftari la shilingi 60 lingekwambia kama yameondoka usiku mmoja au moja moja kwa wiki sita. Yakiondoka pamoja ni mwizi wa usiku. Yakiondoka moja moja ni mchana, mbele ya macho yako, na hapo hata milango ya Ngome haikusaidii.

Kuna saa nyingine ambayo watu wa Gardeni mnaisahau. Ramadhani. Baada ya futari maduka yanafunguliwa, mji unachangamka, kisha Isha inaadhiniwa na watu wanakwenda tarawehe. Mlango unarudishwa tu, kufuli linatundikwa wazi kwenye tumbuu kwa kuwa "narudi sasa hivi". Tarawehe si sasa hivi. Ijumaa adhuhuri ni vivyo hivyo. Mwizi anajua vipindi vya sala kama imamu.

Juu ya Halbadiri. Mie nimezaliwa hapa, sitajifanya siijui. Nimeona vitu vikirudishwa mlangoni alfajiri kwa sababu tu imetangazwa kwamba kesho itasomwa. Nimeona pia kijana asiye na kosa akapatwa na homa wiki ile ile, malaria ya kawaida, na mtaa mzima ukamfanya mwizi mpaka leo. Masheikh wenyewe hawajawa na kauli moja juu yake, nami sina elimu ya kuamua kati yao. Mwulize unayemwamini. Ila hata ikisomwa, lile komeo la chooni mtalifunga nyinyi.

Neno moja kuhusu bima, kwa kuwa dada yako ameuliza pembeni ya barua. Bima nyingi za wizi wa dukani hutaka ionekane mwizi amevunja: mlango, dirisha, dari. Akiingia kwa ufunguo, hakuna palipovunjwa, na unaweza kuambiwa hulipwi. Soma karatasi kabla ya kutia saini, hasa kipande kile cha maandishi madogo kinachohusu pesa taslimu.

*

Salaam Fundi. Natengeneza simu karibu na Mkunguni. Rafiki yangu wa Malindi ameniambia niweke kamera nne, atanifungia kwa bei nzuri. Je, inafaa? — Kijana wa Simu

Inafaa kiasi, mwanangu, na kiasi hicho ni kidogo kuliko anavyokwambia muuzaji.

Niliitwa duka moja, si mbali na kwako, lenye kamera nne mpya. Kisanduku kinachohifadhi picha kilikuwa juu ya kaunta, kinametameta taa ya buluu. Mwizi alikibeba. Akabeba na rimoti yake. Mwenye duka alibaki na kamera nne zilizoona kila kitu na hazikumbuki chochote.

Ukiweka, weka mbili. Moja ndani, ikitazama mlango kwa urefu wa uso. Wengi huitundika juu ya dari ikapiga picha ya kofia. Nyingine kwenye benchi la kazi, kwa sababu duka la simu huibiwa mchana zaidi kuliko usiku: mteja anakuuliza bei ya kava, mwenzake anatia mfukoni simu uliyoifungua. Kisanduku kifiche, kipigiwe bolti, au uchukue aina inayopeleka picha kwenye simu yako kwa intaneti. Na kiwe na betri, umeme wetu unaujua.

Kamera ya nje ni neno jingine. Njia zetu hazifiki upana wa punda wawili wenye mizigo. Ukiielekeza nje unatazama daka la jirani, na anayetoka mle ndani asubuhi kufagia hakujifunika kwa ajili yako. Hilo kwanza ni suala la adabu. Pili ni sheria: tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na picha ya mtu ni data yake. Weka kibao kinachosema kuna kamera, izungushe isione milango ya watu, na umwambie jirani kabla hajagundua mwenyewe.

Na kabla hujatoboa chochote mbele ya nyumba, kumbuka uko ndani ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mlango wa kukunja wa bati, grili la nje, hata tundu kwenye fremu ya nakshi, kaulize kwanza ofisi ya uhifadhi. Nimeona mlango wa zaidi ya miaka 100 umetobolewa kwa ajili ya tumbuu ya 150. Siku ile sikula.

Ungekuwa mwanangu wa kuzaa, pesa za kamera mbili nyingine ningekununulia kengele ya betri, ile yenye sumaku mlangoni, inayolia mlango ukiachana na fremu. Mji wetu usiku ni kimya. Zaidi ya punda, hakuna kinachopiga kelele. Kengele ikilia Mkunguni saa nane, wanaoamka ni watu ishirini, na mwizi hapendi watu. Mpe namba yako ya simu mzee anayelala ghorofa ya juu. Pia mlipe kidogo mwezi hadi mwezi, kwa jina la zawadi.

Simu za wateja nazo: ikiingia tu, piga *#06#, andika ile namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu daftarini pamoja na jina la mwenyewe. Daftari lilale nyumbani kwako.

*

Fundi, mimi ni fundi mwenzio, wa kuchomelea vyuma, Mokowe. Jamaa ameniletea grainda na jenereta ndogo, karibu mpya, kwa robo ya bei. Risiti hana. Anasema ni vya ndugu yake aliyehamia Malindi. Nichukue? — Fundi, Mokowe

Hapana.

Nieleze kidogo, kwa kuwa umeuliza kwa unyoofu. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 306, anayevunja duka akaiba anaweza kufungwa mpaka miaka 7. Kifungu cha 322 ni cha anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi: huyo anaweza kufungwa mpaka miaka 14. Soma tena. Mara mbili. Na robo ya bei bila risiti, hakimu ataiita sababu ya kuamini, hata ukimletea huyo ndugu wa Malindi, ambaye hutamleta.

Barua yako nimeifurahia kwa sababu nyingine. Sisi wa kisiwani mali yetu ikiibiwa ina njia mbili: ijifiche humu humu, au ivuke kwa mashua. Ikivuka, zaidi huvukia kwenu, na mabasi ya Malindi na Mombasa huondoka Mokowe mapema. Kwa hivyo anayeamka akakuta duka limevunjwa asianze kufagia. Asishike kitu. Apige picha kwa simu, apige simu gatini, kwa manahodha na wapagazi anaowajua, aseme kimepotea nini: jenereta ya rangi gani, gunia la alama gani. Kisha polisi, kitabu cha matukio, na asiondoke bila nambari ya kitabu hicho, ile ya OB, maana bila hiyo bima haimsikilizi. Orodha iwe na namba za mashine. Mie zangu zote nimezichora alama kwa tindo mahali ambapo mnunuzi hapatazami.

Na kama mtu akikamatwa gatini na mzigo, tafadhali mkabidhini akiwa mzima. Niliwahi kuona kijana akipigwa kwa ajili ya betri ya jua. Betri ilirudi. Sitasema zaidi.

Huyo jamaa wako, mwambie unahitaji nakala ya kitambulisho chake na risiti. Hatarudi. Ila ukumbuke hiyo grainda ilikuwa ya rangi gani, na uende kituoni kusema ulichokiona.

*

Fundi mwanangu, mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Meza yangu, jiko na mtungi wa gesi huviacha pale pale pembeni ya njia, nimevifunika turubai. Juzi wamechukua mtungi. Mimi sina mlango, utanifungia nini? — Bi wa Mahamri

Shikamoo, bi. Swali lako ndilo lililonikalisha muda mrefu kuliko yote, na jibu lake ndilo fupi.

Meza na jiko havibebwi kwa urahisi, vifunge pamoja kwa mnyororo uliopitishwa kwenye pete nitakayoizika kwenye jiwe la baraza, kwa ruhusa ya mwenye baraza. Turubai liondoe, linamwambia mtu kuna kitu cha kufunua. Mtungi usilale nje hata siku moja. Lakini usiufungie chumbani unapolala pia, gesi ikivuja ni msiba. Uombee nafasi uani kwa jirani, penye hewa, mlango ufungwe kwa ndani, na mjukuu wako aulete alfajiri.

Pete ninayo, kipande cha nondo kilichobaki kwenye kazi ya Shela. Mnyororo ninao. Nitakuja Jumamosi kabla ya saa moja, nikupigie kazi hiyo mara moja. Mahamri yangu mawili uyaweke pembeni, mbaazi ziwe na tui zito, na pesa usinitajie.